Pini Sita na Njia ya Pembe

Gitaa kavu la nyuzi za chuma likishatiuniwa, nyuzi zake sita kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayofika uzito wa kilo 70. Kwa kipimo cha Tabora ya zamani hiyo ni mizigo miwili ya mpagazi, kwani katika msafara mtu mmoja alibeba kilo 30 na ushei, na mwenye mabega ya kujivunia alizidisha. Mizigo yote hiyo miwili imefungwa kwenye kipande cha mbao kisichozidi urefu wa kiganja, kile ambacho mafundi wengine hukiita briji na wengine daraja. Ukitupa jicho haraka utadhani kinachozuia nyuzi zisifyatuke ni vijiti sita vyenye vichwa vya mviringo, kila kimoja kifupi kuliko kidole cha mwisho. Hizo ndizo pini. Mtu anaweza kupiga gitaa miaka mingi asizijali, mpaka siku moja iruke mchangani wakati wa kubadilisha uzi, naye apige magoti kuitafuta kama aliyepoteza hereni.

Kuna watu wanaozijali sana. Duniani kuna soko zima la pini zisizo za kawaida: za mfupa, za pembe ya nyati, za shaba nyeupe na nyekundu, za titani, za mpingo, hata za pembe za mamothi, yule jamaa wa tembo aliyetoweka maelfu ya miaka iliyopita na ambaye mabaki yake bado yanafukuliwa katika barafu ya Siberia. Wauzaji huahidi kwamba pini hizi zitaliamsha gitaa lililolala. Na tangu zamani, juu ya aina zote hizo, zilizoketi kwenye kiti cha enzi ni pembe za ndovu. Magitaa ya kifahari ya karne ya 19 yalivishwa pini za pembe kama bibi harusi anavyovishwa dhahabu.

Ndiyo maana kuzitafakari pini ukiwa Tabora si sawa na kuzitafakari ukiwa mahali pengine. Pembe zilipita hapa. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, Unyanyembe, nchi ilimo Tabora, ilikuwa njia panda ya nchi nzima. Kutoka Bagamoyo ni mwendo wa kilomita 800 hivi, kwa miguu, kupitia Mpwapwa na Ugogo. Ukifika Unyanyembe njia zinagawanyika: moja inashika magharibi kwenda Uvinza na Ujiji, nyingine inapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine inateremka kusini-magharibi mpaka Katanga. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1857 waliwakuta Waarabu wa Omani na Waswahili wa pwani wamejenga matembe, wamepanda bustani, wamekaa kama watu wasio na haraka ya kuondoka. Baba yake mfanyabiashara Tippu Tip aliishi hapa. Kwihara, nje kidogo ya mji, ndiko Livingstone na Stanley walikokaa pamoja mwaka 1872 kabla ya kuagana. Miembe iliyoachwa na zama hizo mpaka leo inatoa kivuli kwa watu wanaosubiri bodaboda.

Mwaka 1833 yalitokea mambo mawili, moja halina habari ya jingine. Huko Maskati, Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alitiliana saini na Marekani mkataba wa urafiki na biashara. Na huko New York, seremala Mjerumani aitwaye Christian Frederick Martin alishuka melini na familia yake, akafungua duka la magitaa. Mkataba ule uliwafungulia mlango wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waje Zanzibar na majora ya kitambaa cha pamba ambacho bara nzima kilikuja kujulikana kama merikani. Merikani ilipanda kwenye mabega ya Wanyamwezi kuja Tabora: ilikuwa mshahara, hongo ya kulipia njia kwa watemi, na bei ya pembe. Pembe nazo zikashuka pwani kwenye mabega yale yale, zikavuka bahari, na sehemu kubwa ikaishia Connecticut, kwenye viwanda vya mto Connecticut vilivyokuwa vikichana pembe kutengeneza vitufe vya piano. Mji mmoja huko ulipewa jina la Ivoryton kwa sababu hiyo. Martin na warithi wake, walioendelea na kazi yao Nazareth, Pennsylvania, walitumia pembe kwa pini, kwa vifungio, na kwa urembo wa kingo za magitaa ya bei ya juu. Urembo huo wa kingo uliendelea mpaka mnamo mwaka 1918.

Huwezi kuishika pini moja ukasema tembo wake alianguka Ugalla, au alianguka Manyema. Zanzibar palikuwa mahali pa kuchanganyia: pembe zote zilipimwa kwa frasila, zikapangwa kwa ukubwa na ulaini, kisha zikapoteza kwao. Linalojulikana ni kwamba wachongaji wa Marekani na Ulaya waliisifu pembe ya Afrika Mashariki kwa ulaini wake. Ilikubali msumeno, haikupasuka ovyo, na ilibaki nyeupe. Sifa hiyo ndiyo iliyowafanya waipende, na kupenda kwao ndiko kulikojaza watu barabarani.

Hapa haki inadai tuwataje Wanyamwezi kwa kazi yao. Wapagazi wengi wa njia hii walikuwa watu wa mkataba, wenye mshahara na wenye sauti. Kijana wa Unyamwezi ambaye hajawahi kwenda pwani alihesabiwa kama hajakua. Walikuwa na nyimbo za safari na kiongozi wao, kirangozi, aliyetangulia mbele. Na waligoma posho ikipunguzwa. Burton aliandika kwamba waliobeba pembe walikuwa na heshima yao katika msafara, na kwamba kwenye ncha ya pembe iliyotangulia walifunga kengele ya ng'ombe iliyolia hatua kwa hatua. Kwa hiyo pembe zilikuwa na muziki wake kabla hazijawa kitu cha muziki. Lakini katika msafara uo huo, nyuma ya mwenye mshahara, mara nyingi alitembea asiye na mshahara wala hiari. Njia ilikuwa moja. Tanzania ilipoipendekeza kwa UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2006 iliitaja kwa mambo yake yote mawili, utumwa na pembe, na ndivyo inavyostahili kutajwa.

Sasa turudi kwenye tundu la pini, maana humo ndimo lilimo jambo lenyewe.

Katika karakana moja ya samani huko Ng'ambo, katikati ya vitanda vya mninga ambavyo havijapigwa vanishi, yupo mzee anayetengeneza magitaa ya kwaya. Siku niliyokuwa nimekaa kwake aliingia kijana amebeba gitaa lenye pini nne. Mahali pa ya tano pamepigwa msumari uliozungushiwa utepe wa nailoni. Mahali pa ya sita pana kipande cha mpini wa mswaki, kijani kibichi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mgonjwa umemleta au umemzika kwanza?"

Kijana alicheka. Alitaka pini mpya, na kama inawezekana, za shaba, kwa sababu ameambiwa na mwenzake wa Dar kwamba pini za shaba zinalifanya gitaa lilie zaidi. Mzee hakumjibu. Alilegeza nyuzi zote, moja baada ya nyingine, kwa zamu, ili shingo isishtuke. Kisha akaingiza mkono ndani ya tundu la sauti akiwa na sarafu, akaisukuma kila pini kutoka chini mpaka ikajitokeza yenyewe juu. Plaizi ilikuwa mezani, lakini hakuigusa. Kwa plaizi pini hukatika kichwa, na mbao za daraja huchubuka. Msumari ulitoka na unga wa mbao.

"Lete simu yako," akamwambia. "Washa taa, piga picha humu ndani."

Picha ilionyesha ubao mdogo mgumu uliobandikwa chini ya uso wa gitaa, chini kabisa ya daraja. Matundu manne yalikuwa mviringo safi. Mawili, ya msumari na ya mswaki, yalikuwa yametafunwa, kama panya kapita.

"Uzi una kitufe cha shaba mwishoni, sivyo? Kitufe kile kinatakiwa kishike nini? Kishike pini, au kishike ubao huu?"

"Kishike pini, mzee."

"Ndivyo mnavyodhani wote."

Akachukua uzi, akaukunja kidogo karibu na kitufe, akautumbukiza tunduni. Akaingiza pini, mfereji wake ukitazama mbele upande wa tundu la sauti, akaibana taratibu kwa kidole gumba huku mkono mwingine ukivuta uzi juu, mpaka kitufe kikanasa chini ya ubao. Hapo akaachia. Pini ilikaa hapo bila kubanwa na nguvu yoyote ya maana. Akavuta uzi kwa nguvu, pini haikusogea. Akamwambia kijana aiguse, naye akaizungusha kwa vidole viwili tu.

Hili ndilo wengi wetu hatulijui. Pini haibebi mzigo. Mzigo wote wa kilo 70 unabebwa na ule ubao wa ndani, ambao haung'arishwi, hauonekani, na hautajwi kwenye tangazo lolote. Kazi ya pini ni kuziba nafasi, kukikatalia kitufe njia ya kurudi kilikotoka. Ikiwa kitufe kimekaa juu ya ncha ya pini badala ya kunasa ubao, pini itaruka, hata ingekuwa ya dhahabu. Na pini isiyolingana na tundu, kwa mfano yenye mwinamo wa digrii 3 kwenye tundu lililochimbwa kwa digrii 5, itabana mguuni na kucheza kichwani, na ubao utaanza kutafunwa. Ndiyo maana mafundi wazuri hupima tundu kwanza, kisha hununua au huchonga pini ya kulifuata. Wengine hurudi kwenye mtindo wa zamani zaidi: pini nzima isiyo na mfereji, na mfereji wenyewe kuchongwa kwenye daraja na ubao, ili uzi ushikwe na mbao pande zote.

Je, mali ya pini inabadilisha sauti? Inabadilisha, kidogo. Pini ya shaba ni nzito mara kadhaa kuliko ya plastiki, na uzito ukiongezeka juu ya daraja uso wa gitaa hutetemeka kwa namna nyingine. Wengine huisikia sauti imekuwa kali zaidi, wengine huisikia imezibwa. Mfupa na plastiki hutofautiana kwa kiasi ambacho chumba kikiwa na feni iliyowashwa hutakisikia. Tabora yenyewe huligusa gitaa kuliko mali yoyote ya pini. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi hewa hapa hukauka, mbao husinyaa, pini huanza kucheza. Mvua za Novemba zikianza, mbao hufura, na pini ile ile iliyokuwa ikidondoka yenyewe inagoma kutoka. Anayetaka gitaa lake lilie vizuri aanze kwa kulikinga na kiangazi kabla hajaanza kutafuta shaba.

Kama ni hivyo, ile pembe ilikuwa ya nini? Hapo ndipo hesabu inapouma. Pini moja ya pembe haifiki gramu moja. Frasila moja, kilo 16 hivi, hata nusu yake ikipotea kuwa unga wa msumeno, ingetoa pini kama elfu kumi. Kwa hiyo gitaa lilikuwa mlaji mdogo. Walaji wakubwa walikuwa piano na mipira ya biliadi. Lakini mlaji mdogo ndiye anayetufundisha zaidi, kwa sababu hana kisingizio. Mpiga piano angeweza kusema kidole chake kinateleza vizuri juu ya pembe, na jasho halimsumbui. Pini haiguswi na kidole wakati wa kupiga, haibebi uzi, haitoi sauti ambayo mfupa wa ng'ombe hautoi. Ilikuwa pale ili ionekane. Mtu alitembea kilomita 800 na mzigo begani ili kitu kionekane. Na yule mtu mwenyewe alikuwa kama ule ubao wa ndani: uzito wote ulikuwa juu yake, sifa zote zikaenda kwa cheupe kinachong'aa juu.

Plastiki nayo tunaionea. Tunaidharau pini ya plastiki kama alama ya gitaa la bei rahisi, tukisahau nasaba yake. Katika miaka ya 1860 pembe zilipanda bei mpaka kampuni moja ya biliadi ya Marekani ikaahidi dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi yake. John Wesley Hyatt alikuwa mmoja wa walioitikia, na kutokana na majaribio yake ikazaliwa seluloidi, mojawapo ya plastiki za kwanza duniani. Kingo za magitaa ya Martin zilipoachana na pembe zilihamia kwenye seluloidi iliyotiwa mistari ili ifanane na pembe. Leo kampuni ya Kanada, Graph Tech, inauza pini za plastiki ngumu kwa jina la Tusq, na jina hilo linaleta masikioni mwa wanaojua Kiingereza pembe ileile. Tembo ameondolewa kwenye gitaa, lakini kivuli chake bado kinauza.

Kuondolewa huko kulichelewa. Mwaka 1989 Tanzania, ambayo tembo wake walikuwa wakiteketea, ilikuwa mstari wa mbele kudai biashara ya pembe ipigwe marufuku duniani, na mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulikubali. Hata hivyo, kati ya mwaka 2009 na 2014 hesabu za serikali zilionyesha tembo wa nchi hii wameshuka kutoka 109,000 hadi 43,000 hivi. Mwenye gitaa la kale lenye pini za pembe leo anahitaji makaratasi ili avuke nalo mpaka. Pini ambazo hazifiki gramu tano kwa pamoja zinaweza kulizuia gitaa zima forodhani. Wengine huzing'oa, wakaweka za mfupa, na za pembe wakazifungia bahashani. Sioni sababu ya kuwacheka.

Lakini njia ya pembe haikupitisha pembe peke yake. Katikati ya karne ya 19 mtu mmoja wa Usumbwa, kaskazini-magharibi mwa Unyanyembe, alishika ile njia ya kusini-magharibi kufuata shaba na pembe. Jina lake Ngelengwa. Historia inamjua kama Msiri. Alijenga ufalme wa Garanganze, makao yake Bunkeya, Katanga, mpaka alipouawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu aliokwenda nao wakaitwa Bayeke, jina la chama cha wawindaji wa tembo huko walikotoka. Katika kizazi chao, mwaka 1930, alizaliwa Mwenda Jean Bosco, aliyejiita Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi akipiga gitaa kavu huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukaenda Afrika nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliletwa Nairobi kutangaza vidonge vya Aspro, na vijana wa Afrika Mashariki wakaona kwa macho yao kwamba kidole gumba na cha shahada vinaweza kufanya kazi ya magitaa mawili. Mjukuu wa wawindaji wa tembo alikuja mashariki na kitu kisichohitaji tembo.

Na magitaa yaliyofuata nyayo zake hayakuwa ya kifahari. Yalikuwa yale tuliyoyaita galatoni, kutokana na nembo ya Gallotone ya Afrika Kusini, na ndugu zake wa bei hiyo hiyo. Mengi yao hayakuwa na pini kabisa. Nyuzi zilishikwa na kibano cha bati mwishoni mwa bodi. Kizazi kilichojifunzia kwenye vibano vile ndicho kilichoipa Tabora Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya akina Shem Karenga, na watu wa asili ya Jimbo la Magharibi ndio walioanzisha Western Jazz kule Dar es Salaam mwaka 1959. Mji ambao pembe zake zilikwenda kupamba magitaa ya wengine uliingia kwenye muziki wa gitaa bila pini hata moja ya pembe, na hakuna aliyelalamika kuwa sauti imepungua.

Yule mzee wa Ng'ambo hakumwekea kijana shaba. Aliyajaza matundu mawili yaliyotafunwa kwa unga wa mbao ngumu na gundi, akaweka kipande chembamba cha mpingo juu yake, akayatoboa upya. Kisha akatoa kopo lenye vipande vya mfupa wa paja la ng'ombe alivyopewa na muuza supu. Alikuwa amevichemsha kwa maji ya majivu mpaka mafuta yakaisha, akavianika. Alikata viwili kwa msumeno wa chuma, akavipunguza kwa tupa, kila kimoja akakibana kwenye mdomo wa drili, akakizungusha ndani ya msasa uliokunjwa mpaka kikapata mwinamo wa kulifuata tundu. Alijaribu, akatoa, akasugua, akajaribu tena. Kila mara alisikiliza zaidi ya kutazama. Pini iliyojaa vizuri hutoa mlio mdogo mkavu inapokaa. Mwishoni akachimba kitone kwenye kila kichwa, akajaza unga wa mpingo. Alitoza chini ya bei ya nyuzi.

Kwa hiyo nikiulizwa pini ipi inafaa, nasema ni ile inayolingana na tundu lake na kuuacha ubao ubebe kazi yake. Mfupa unatosha. Mpingo unatosha, mradi ukate masalia ya fundi na si mti ulio hai, kwani mti huo hujivuta miongo mingi kabla ya kukomaa. Plastiki nzuri inatosha pia. Anayetaka shaba aweke shaba, masikio ni yake. Ila anayetafuta pembe kwa sababu ya sauti ajue kwamba anachokitafuta hakikuwahi kuwamo. Tulichokiuza kwa miaka yote ile kilikuwa weupe, na weupe ng'ombe wa supu anao wa kutosha.